Chukua kipaji kwanza

Ndugu, unasema timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, yenye gadi mzuri (mchezaji anayeendesha mpira) isichukue gadi mwingine kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Nakataa, angalau kwa machaguo kumi ya kwanza. Sisi tunaoamka saa tisa usiku hapa Nairobi kuiangalia tunataka nyota, si kiraka!

Mwaka 2009 timu ya Golden State walikuwa tayari na gadi Monta Ellis, bado wakamchukua gadi mwingine, Stephen Curry, nyota wa baadaye, chaguo la saba. Wote wafupi, ulinzi ukavuja. Mwaka 2012 wakampeleka Ellis Milwaukee, wakapata Andrew Bogut, senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) waliyemhitaji. Timu ya Portland mwaka 1984 walikuwa na gadi Clyde Drexler, wakatafuta mchezaji mrefu: wakamchukua senta Sam Bowie, wakamwacha gadi Michael Jordan.

Raundi ya pili ni sawa, ziba pengo lako. Huko vipaji vinakaribiana.