Kuunganisha treni na chombo cha ziwani Kigoma: kwa mdau mwenye mashine ya kusaga

Mkuu, umeuliza kama ukipanda treni Tabora na mashine yako ya kusaga utaunganisha moja kwa moja Kigoma kwenda upande wa Kalya, kule mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, au ni afadhali uzungukie Mpanda. Mimi nimekulia Kigoma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipakia pale dagaa na mawese kwenda Tabora, narudi na nafaka na vifaa vya dukani. Nakujibu kwa ninachokijua.

Umbali usikutie presha. Stesheni na bandari ni majirani. Ukitoka tu kwenye matao ya lile jengo la stesheni la enzi za Mjerumani, ziwa hilo, na reli yenyewe haiishii pale, inaendelea hadi bandarini ili mabehewa ya mizigo yasogee karibu na meli. Ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Ujiji ndio mji mkongwe wa misafara, lakini ufuko wake ni wa kina kifupi, kwa hiyo reli ikaletwa kwenye ghuba ya Kigoma. Ilifika 1914. Mwaka uliofuata Wajerumani wakashusha majini meli yao Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa na kuletwa ndani ya masanduku kama 5,000. Mwaka 1916, vitani, wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaja kuiibua, na tangu 1927 ndiyo Liemba yetu.

Kazi iko kwenye muda. Reli hii ya zamani ni ya njia moja, na hata anayepandia Tabora anasubiri behewa lililotoka Dar. Mvua ikiharibu tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, huko Morogoro na Dodoma, kama mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Kigoma nzima inaumia: saruji inapanda, mawese yanalala. Ziwa nalo lina yake. Kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa kusini hukaza na manahodha wa maboti ya mbao hawaondoki mpaka utulie. Wanafanya vizuri, usimsukume nahodha hata siku moja. Kwa hiyo panga kulala Kigoma, na hela ya gesti iwe kwenye bajeti yako tangu Tabora.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi: maboti ya mbao hayaondokei bandari kubwa. Ya kaskazini yako Kibirizi, ya kusini kaulizie Ujiji. Maana yake utahitaji gari la kubebea mashine kutoka stesheni, na bei mpatane kabla hamjaigusa.

Sasa mashine yenyewe. IFUNGUE. Injini peke yake, kinu peke yake, gurudumu la mkanda peke yake, boliti na nati zote kwenye kopo lenye mfuniko na ulifunge kwa mpira. Siku hizi kuna magati mapya mwambaoni, Lagosa ni mojawapo, lakini vijiji vingi bado mzigo unashushiwa majini. Mtumbwi unajibana ubavuni, mawimbi yanaupandisha na kuushusha, vijana wawili wanaupokea mzigo kwa mikono huku wa tatu ameshika kamba. Kinu wanakimudu. Mashine nzima hawaimudu, na ikiponyoka haionekani tena. Vijana hao ni hodari, nawaheshimu sana: Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, ambako hakukuwa na gati, Liemba ilitia nanga mbali na ufuko na watu wakafikishwa kwake kwa maboti madogo, kina mama na vichanga mgongoni.

Kuhusu Mpanda: ungekuwa unaenda Karema au Ikola, vijiji vya mwambao upande wa Katavi, ningekwambia shika tawi la Kaliua hadi Mpanda, kisha lori. Kwa Kalya, njoo Kigoma.

Mzigo ukatie risiti yake stesheni na uandikwe jina lako kwa rangi kwenye kila kipande. Ukishapata tarehe ya treni iweke hapa, nitashuka Ujiji kukuulizia boti.