Shimo jeusi halitoi nuru, sasa tunalipimaje kwa infraredi?

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma. Wanafunzi wamenibana: kama shimo jeusi halitoi nuru, spektra ya infraredi tunayolipimia (nuru isiyoonekana, iliyotandazwa kwa urefu wa mawimbi yake) inatoka wapi? Na kwa nini isitumike nuru ya kawaida?

JIBU: Mwalimu, wamekubana kwa haki. Spektra hiyo haitoki kwenye shimo, inatoka kwa nyota inayozungukana nalo. Shimo tunalipima kwa jinsi linavyomyumbisha mwenzake.

Chukua mfumo wa GRS 1915+105, yaani shimo jeusi na nyota zinazozungukana, kwenye kundinyota la Ukabu. Mwezi wa saba, usiku wa manane, Ukabu huwa karibu na utosi kwenu, umeegemea kaskazini. Ila kati yetu na mfumo huo pana vumbi la anga, jingi kiasi kwamba nuru ya kawaida hufifia takriban mara milioni mia moja kabla ya kutufikia. Waonyeshe jua la Septemba likizama kwenye vumbi la Dodoma: buluu imepotea njiani, nyekundu imepenya. Kadiri wimbi linavyorefuka ndivyo linavyopenya, na infraredi ya mikromita 2 ni ndefu kuliko nyekundu kama mara tatu. Yenyewe hufifia takriban mara kumi tu.

Mwaka 2001 mwanafalaki Jochen Greiner na wenzake walitangaza vipimo vyao kwa darubini ya VLT iliyoko Paranal, Chile. Walifuata mistari ya kaboni monoksidi, yaani alama ambazo gesi hiyo huziacha kwenye spektra, karibu na mikromita 2.3. Hapa ndipo penye ufundi wote, nami napapenda sana: gesi hiyo hudumu kwenye nyota iliyopoa kiasi, lakini joto kali la sahani ya gesi karibu na shimo huivunjavunja. Kwa hiyo ukiiona mistari, unajua ni ya nyota. Nayo mistari ilisogea huku na huku, ikirudia kila siku 33.5, kwa sababu nyota hutujia na kutukimbia kwa kasi ya kilomita 140 kwa sekunde kila upande. Kwenye spektra, huko ni kusogea kwa kama nanomita 1 tu!

Wape ubaoni: PK³ ÷ 2πG, P ikiwa ni muda wa mzunguko, K ile kasi, na G kadiri thabiti ya mvutano ya Newton. Wakishageuza siku kuwa sekunde na kilomita kuwa mita, watapata kama masi 9.5 za Jua. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha shimo, na nyota ya nutroni (kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyokufa) haifiki hapo. Ukomo wake ni masi 3 za Jua hivi. Masi kamili hutegemea mzunguko umeinama kiasi gani: Greiner alipata 14, vipimo vya baadaye vikashuka hadi takriban 12.