Punda wa Noeli kwenye filamu ya watoto: je, ni kuongeza Neno la Mungu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika kipindi hiki cha Majilio wanangu wawili, wa miaka 8 na 5, wameangalia filamu ya katuni iitwayo The Star, inayosimulia kuzaliwa kwa Yesu kupitia macho ya wanyama. Jumapili katekista alipouliza ni nani waliokuwapo Bethlehemu, yule mdogo alipaza sauti, "Bo!", yaani punda wa kwenye filamu. Watu walicheka, lakini mama mkwe wangu, ambaye ni Mlutheri na husoma Biblia kila alfajiri, hakucheka. Anasema punda hayumo katika Injili, na kwamba Ufunuo 22:18 unatangaza mapigo kwa yeyote anayeongeza maneno. Je, nimewakosesha watoto? Niwazuie wasiitazame tena?

JIBU: Milele amina. Mama mkwe wako amesema kweli katika jambo la msingi, na ningependa umwambie hivyo kabla ya kumweleza lolote jingine. Ukisoma Luka sura ya 2 na Mathayo sura ya 2 mstari kwa mstari, hutamkuta punda njiani kutoka Nazareti, wala ng'ombe zizini, wala ngamia chini ya mamajusi. Kondoo tunawajua tu kwa sababu wachungaji walikuwa wakilinda kundi lao usiku. Kuhusu Ufunuo 22:18, aya hiyo inataja "maneno ya unabii wa kitabu hiki", nayo humwonya mtu anayeyachezea maandiko kisha akayatoa kama neno la Mungu. Anayesimulia hadithi ya Noeli kwa watoto na kumtia punda mdomoni maneno hadai kwamba ameandika Injili ya tano. Kwa hiyo hukuwakosesha watoto, na sioni sababu ya kuwazuia.

Hata hivyo, punda huyo hakuzaliwa studio mwaka 2017, filamu hiyo ilipotolewa. Katika karne ya 2 kiliandikwa kitabu kiitwacho Protoinjili ya Yakobo, ambacho Kanisa halikukipokea miongoni mwa Maandiko, na humo Yosefu anatandika punda na kumpandisha Maria kwa safari ya Bethlehemu. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Ambrosi kule Milano kuna jeneza la mawe la karne ya 4 lenye nakshi ya mtoto mchanga aliyelala kati ya ng'ombe na punda, na Maria na Yosefu hawapo kabisa! Wakristo wale wa kale waliona afadhali kuwaacha wazazi kuliko kuwaacha wanyama, na sababu yao ilitoka katika Biblia yenyewe.

Chukua Biblia ya tafsiri ya Union, ambayo bila shaka ndiyo aliyonayo mama mkwe wako, mfungue pamoja Isaya 1:3: "Ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake, bali Israeli hajui, watu wangu hawafikiri." Kisha mwende Luka 2:7, mahali Maria anapomlaza mwanawe "katika hori ya kulia ng'ombe". Katika Kiswahili aya hizi mbili hazionekani kuwa ndugu, kwa kuwa upande mmoja kuna kibanda na upande wa pili kuna hori. Lakini katika Kigiriki, lugha ambayo Wakristo wa kwanza waliisomea Agano la Kale, neno ni lile lile moja, nalo maana yake ni chombo cha kulishia mifugo. Walipomsikia Luka akilitaja hori, sikio lao lilirudi moja kwa moja kwa Isaya, na punda na ng'ombe wakaingia zizini wakiwa ushuhuda kwamba mnyama alimtambua bwana wake pale watu walipomkosa. Na hapa niseme jambo ambalo huenda likamfanya mama mkwe wako atabasamu: Luka ameandika hori tu, na huyo ng'ombe wa "hori ya kulia ng'ombe" ameongezwa na wafasiri wetu wa Kiswahili ili msomaji aelewe chombo hicho ni cha kazi gani. Sijapata kusikia mtu akisema wamestahili mapigo.

Unajua pia desturi ya pango tunalolitengeneza makanisani. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kwenye Noeli ya mwaka 1223 katika kijiji cha Greccio nchini Italia, aliagiza waandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda walio hai, na Misa ikaadhimishwa hapo. Alitaka watu wauone kwa macho ya mwili umaskini aliozaliwa nao Mwana wa Mungu. Miaka zaidi ya 600 kabla yake, mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Sereno, askofu wa Marseille, aliyekuwa amezivunja picha kanisani kwake, akimfundisha kwamba wasiojua kusoma husoma ukutani yale wasiyoweza kuyasoma vitabuni. Mwanao wa miaka 5 bado hajui kusoma, na ukuta wake ni runinga.

Kinachonisumbua mimi katika filamu hii si punda. Tena watunzi wake wameonyesha ujuzi wa Maandiko katika sehemu ambayo watazamaji wengi hawaioni: Bo ni kifupi cha Boazi, na kondoo anayeandamana naye anaitwa Ruthu. Boazi na Ruthu wa Biblia waliishi Bethlehemu, na sura ya mwisho ya Kitabu cha Ruthu inasema Boazi alimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Mtoto wako wa miaka 8 anaweza kusomewa kitabu hicho chote kwa jioni nne, sura moja moja, naye atafurahi kumkuta rafiki yake ndani yake.

Kinachonisumbua ni Herode. Katika filamu, mfalme huyo anamtuma askari na mbwa wawili wamwinde Maria tangu kabla mtoto hajazaliwa. Mwisho askari anashindwa, na mbwa wanapata msamaha mbele ya hori. Lile la mbwa nakiri lilinigusa, na sina neno nalo. Lakini mtoto anaondoka akijua kwamba Herode alishindwa usiku ule ule, ilhali Mathayo anasema ghadhabu yake ilikuja baadaye, na kwamba aliwaua watoto wanaume wa Bethlehemu "tangu wenye miaka miwili na waliopungua", huku Yosefu akikimbilia Misri usiku na mtoto na mamaye. Kwa mtoto wa miaka 5 naona ni sawa hayo yangoje. Kwa yule wa miaka 8, mpeleke kwenye Misa ya tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, asikie Injili ya siku hiyo. Kisha akuulize maswali, nawe umjibu bila kumficha.

Mamajusi nao filamu inawafikisha zizini pamoja na wachungaji, na inawahesabu watatu. Mathayo hataji idadi. Watatu tumewapata kwa kuhesabu zawadi, yaani dhahabu, uvumba na manemane. Tena anasema "wakaingia nyumbani", wala hataji zizi. Ni kosa dogo, na mapango yetu ya parokiani hulifanya kila mwaka.

Kuhusu mwenye nyumba ya wageni mkali anayewafungia mlango, ambaye kila igizo la Noeli linaye, naomba tumwonee huruma, kwa sababu Luka hamtaji. Neno tulilolifasiri "nyumba ya wageni" katika Luka 2:7 ndilo lile lile ambalo katika Luka 22:11 tumelifasiri "chumba cha wageni", pale Yesu anapotafuta mahali pa kulia Pasaka. Nyumba ya kulipia, alikopelekwa yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi katika Luka 10:34, Mwinjili anaiita kwa neno jingine kabisa. Yawezekana sana basi kwamba Yosefu alifikia kwa ndugu, chumba cha wageni kikawa kimejaa, wakabanana mahali mifugo ilipolala. Mtu aliyewahi kwenda kijijini msimu wa sikukuu na kulazwa sebuleni na binamu sita anaielewa aya hiyo.

Utaratibu ninaokushauri ni huu. Kabla ya kuwasha runinga, msome Luka 2:1-20 kwa sauti, na kama mama mkwe wako yupo, mwombe yeye ndiye asome, maana ana haki hiyo ya bibi na anaijua kazi. Filamu ikiisha, waulize watoto ni yapi waliyoyasikia kwa bibi na ni yapi waliyoyaona kwenye katuni tu. Watoto hupenda sana kumkamata mtu mzima akikosea, na watawatoa wanyama mmoja mmoja bila wewe kuhubiri.

Mkitengeneza pango nyumbani, mamajusi wawekeni mbali, juu ya kabati au dirishani, mkiwasogeza kidogo kila siku mpaka Epifania, sikukuu ya kufika kwao. Punda mwacheni pangoni, na mdogo akitaka kumwita Bo, amwite. Hori ibaki tupu mpaka usiku wa tarehe 24, na mtoto Yesu awekwe humo na bibi yao.