Daktari wa kwenye simu: maswali yenu kuhusu Parkinson, kifafa na kipandauso

Baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukaza kwa misuli. Daktari wake yuko Dar es Salaam, sisi tuko Newala. Tangu aanze kumwona kwa video hataki tena kusikia habari ya safari. Hakosi kitu?

Mzee ana haki ya kufurahi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa wagonjwa 195 wa Parkinson: kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida, jingine likaongezewa bingwa kwa video nyumbani. Ubora wa maisha haukupishana, ila kila miadi ya video iliokoa karibu saa moja na nusu na kilomita 60 za njia. Kwa mtu wa Newala anayekwenda Dar es Salaam, akiba ni siku nzima kwenye basi, na nauli ya watu wawili.

Anachokosa ni mkono wa daktari. Kukaza kwa misuli hupimwa kwa kukunja na kunyoosha kiungo cha mgonjwa. Uimara wa kusimama hupimwa daktari akiwa nyuma yake, akimvuta mabega ghafla huku yuko tayari kumdaka. Hayo msijaribu wenyewe nyumbani!

Lakini video nayo humwonyesha daktari asichokiona kliniki: mzee anavyoinuka kwenye kiti chake, anavyogeuka mlangoni. Mtu mmoja ashike simu, mwili wote uonekane, nyayo zikiwemo. Mwambieni daktari pia amemeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, saa ngapi, maana mgonjwa huyohuyo kabla ya kidonge na saa moja baadaye anaweza kuonekana kama watu wawili tofauti. Mimi bado ningempeleka hospitali walau mara moja kwa mwaka.

Daktari alinitaka nimrekodi mwanangu akianguka kifafa. Ndugu wanasema namdhalilisha.

Rekodi. Kifafa hakisubiri siku ya kliniki, na daktari huishia kusikia masimulizi ya watu walioshtuka. Kwanza mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie chochote mdomoni. Mwingine ndiye achukue video: uso, macho, mkono ulioanza kucheza, na saa. Degedege likipita dakika tano, acha kurekodi, mpeleke hospitali.

Aibu wanayoisema ndugu iko kwingine: video ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hairudi. Mtumie daktari peke yake. Na kama simu ni ya nyumba nzima, ifute ukishathibitisha imemfikia.

Nina kipandauso. Naweza kuanza matibabu bila kuonana na daktari ana kwa ana?

Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, wagonjwa 402 wa maumivu ya kichwa waligawanywa, wengine wakamwona bingwa kwa video, wengine ana kwa ana. Baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa sawa. Ila hawa hawakuwa wagonjwa wa dharura, na walikuwa wameshapewa rufaa na daktari wa kawaida. Nawe anzia hapo, upimwe presha na macho. Kichwa kikipasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au mdomo ukienda upande, usipoteze muda kutafuta mtandao.

Bando likikata katikati?

Malizieni kwa simu ya kawaida. Kupanga upya dozi hakuhitaji picha.

Baada ya kila miadi natumiwa fomu: umeridhika kiasi gani? Huwa naweka alama zote. Nafanya vibaya?

Wengi hufanya hivyo, kwa shukrani au kwa kuogopa kuonekana mkorofi. Tena anayejaza ni yule ambaye simu ilishika. Aliyekosa mtandao hana pa kulalamikia. Ndiyo maana mimi nazitazama alama za juu kwa jicho moja. Mtu anaweza kuridhika sana na upole wa daktari huku degedege ni zilezile na dawa aliyoandikiwa haipo duka lolote wilayani kwake.

Basi mpe daktari alama zake kama anastahili. Kwenye nafasi ya maoni andika mengine: mwezi huu umeanguka mara ngapi, dawa umeipata au umeikosa, na kama kuna jambo ulishindwa kulisema kwa sababu shemeji alikuwa amekaa pembeni.