Kitufe cha mteremko na kile cha gari linaloserereka: vinafanya nini hasa

Mkuu umeuliza kama kitufe chenye picha ya gari linaloserereka na kile cha gari linaloshuka mlima ni kitu kimoja. Kazi zake ni mbili, ila kinachozifanya ni kimoja: pampu ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Ukikanyaga breki, unabana magurudumu yote manne. Pampu ile inaweza kubana gurudumu moja tu, tena bila wewe kugusa pedali.

Tuanze na kile cha gari linaloserereka, yaani ESC, mfumo wa kulizuia gari lisiserereke, ambao wengine huuita ESP au VSC. Sensa ya usukani inaiambia kompyuta unataka kuelekea wapi. Sensa za magurudumu, pamoja na ile inayopima gari linavyozunguka na kusukumwa ubavuni, zinaiambia gari linaelekea wapi kweli. Majibu yakipishana, inaingilia kati. Pua ikigoma kufuata kona ya kushoto, inabana gurudumu la nyuma kushoto na gari linavutwa ndani ya kona. Mkia ukitoka kwenye kona hiyohiyo, inabana la mbele kulia, mkia unarudi. Hapohapo inapunguza nguvu ya injini. Wewe utaona taa inapepesa na kusikia pampu ikinguruma, basi.

Mercedes-Benz na Bosch ndio walioileta ESC sokoni mwaka 1995, kwenye magari ya bei kubwa. Mwaka 1997 A-Class ilipinduka huko Sweden kwenye jaribio la kukwepa kikwazo ghafla, ndipo Mercedes wakaifunga kwenye kila A-Class. Binafsi naona ni kifaa kilichookoa watu wengi kuliko chochote kilichokuja baada ya mkanda.

Kile cha mteremko, HDC, kilianza na Land Rover Freelander mwaka huohuo wa 1997. Nakitumia kwenye matope na changarawe, mteremko ukiwa mkali: gia ndogo, miguu naitoa kwenye pedali zote, mikono kwenye usukani. Gari linajishikilia kwenye mwendo wa kutambaa. Uzuri wake ni kwamba gurudumu linaloanza kuteleza linaachiwa kidogo huku mengine yakiendelea kubana, na hakuna mguu wa binadamu unaoweza hivyo.

Sasa hapa nakuomba uwe makini. Usikitegemee kwenye mteremko mrefu wa lami. HDC inapunguza mwendo kwa pedi na diski zilezile, na zikichemka breki inaisha nguvu. Magari mengi huizima HDC yenyewe breki zikipata moto sana, yaani wakati ule ambao unaihitaji zaidi. Huko shuka kwa gia ndogo, injini ndiyo ishikilie gari, breki uzitumie kwa vipindi. Na usiweke gia huru ukiwa mteremkoni.

ESC iache imewashwa siku zote. Nazima pale tu gari linapokwama kwenye mchanga au tope, kwa sababu inakata nguvu ya injini wakati unataka magurudumu yazunguke. Ukishatoka, iwashe.

Vyote viwili havizalishi mshiko, vinagawa ule ambao tairi zinao. Tairi kipara hazisaidiwi na kompyuta yoyote. Na taa ya ESC ikiwaka mfululizo bila kupepesa na hukuizima wewe, kuna hitilafu. Fundi asome kompyuta kwanza kabla ya kubadilisha chochote. Nyingi nilizoziona zilikuwa waya wa sensa ya gurudumu uliokatika, au usukani uliofanyiwa alaimenti (kunyooshwa magurudumu) bila sensa yake kusetiwa upya.