Jibu: Fox ilianza 1986 au 1987?

Habari mkuu. Umekwama kwa sababu chanzo kimoja kinasema Fox, mtandao wa televisheni wa Marekani, ilianza 1986, kingine 1987. Nami niliwahi kunasa hapo hapo nikiandaa maswali ya chemshabongo. Kwanza angalia wanazungumzia kipindi gani. Tarehe 9 Oktoba 1986 kilianza kipindi cha usiku mkubwa cha mchekeshaji Joan Rivers, hicho tu. Vipindi vya jioni, muda wenye watazamaji wengi, vilianza Jumapili ya 5 Aprili 1987. Mwezi uliofuata Joan kishatimuliwa! Mimi huandika 1986. Ukitaka mzizi wenyewe, rudi 1985: Rupert Murdoch, mwanzilishi wa Fox, alichukua uraia wa Marekani, maana sheria ilimbana mgeni kumiliki vituo vya televisheni, naye alikuwa ananunua vya kampuni ya Metromedia.