Mtoto akigonga kichwa, msikilize anavyoongea

Nundu kichwani kila mtu anaiona na kuikanda. Kinachotupita ni lugha.

Binti yangu alianguka kutoka kwenye mpera wa bibi yake, wakati huo yuko darasa la nne. Hakuzimia. Alilia, akatapika mara moja, tukamkimbiza hospitali, na CT-Scan, ile picha ya ndani ya kichwa, ikatoka safi. Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Akanieleza kwamba picha ile huonyesha damu iliyovuja au mfupa uliovunjika, lakini haionyeshi ubongo unafanyaje kazi, na kwamba watoto wengi wenye mtikisiko hawapotezi fahamu kabisa. Nashukuru alinieleza, maana nyumbani ndugu walishaanza: "Si picha imetoka safi? Anadeka tu huyo."

Hakuwa anadeka. Mezani aliniomba "ile... ile ya kuchotea mchuzi," na upawa uko mbele yake. Nikimtuma chumvi dukani, akirudi apitie ndoo kwa jirani kisha aanue nguo, alileta chumvi akakaa zake. Akisimulia katuni, alianzia katikati akarukia mwisho, yule kamwambia yule, na ukimuuliza yule yupi anakasirika. Matamshi yake yalikuwa safi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Wengi tunadhani lugha ikiumia lazima mtoto agugumie.

Kwa kawaida maneno yenyewe hayajafutika. Kilichopungua ni kasi, umakini, na kumbukumbu ile ya muda mfupi inayoshikilia mwanzo wa sentensi mpaka ifike mwisho. Weka juu yake maumivu ya kichwa na uchovu. Kwa hiyo "umekula?" anajibu vizuri, halafu anazama kwenye habari ndefu ya ufahamu, maelekezo ya mwalimu katikati ya kelele, au utani wa mafumbo. Wangu anasoma mchepuo wa Kiingereza, na huko ndiko alikochoka kwanza. Jioni alikuwa hataki hata kulisikia neno la Kiingereza.

Siku moja mbili za mwanzo ni za kupumzika, bila simu wala televisheni ya kutwa nzima. Baada ya hapo arudi kwenye shughuli zake kidogo kidogo. Kumfungia chumbani wiki nzima hakumsaidii. Na lile la "msimwache alale": akishapimwa na daktari akaruhusiwa nyumbani, mwache alale, usingizi anauhitaji.

Katika kuongea, mpe agizo moja, alimalize, ndipo umpe la pili. Akikwama, subiri. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo ili nisimdakie neno, na shangazi zake nikawakataza kumcheka. Usiku tulitegeana vitendawili vyepesi. Nikisema "Kitendawili!" alijibu "Tega!" upesi kama zamani, kisha "nyumba yangu haina mlango" ikamtoa jasho. Nikampa dokezo la kuku, akacheka, tukalala. Akichoka, tunaacha. Sikutaka mchezo huo uwe mtihani mwingine.

Mtihani uko shuleni. Nenda mwenyewe, usitume kikaratasi. Mwalimu wake wa darasa aliniambia, "Mama, mimi nilidhani ameanza kiburi, namuuliza ananitazama tu." Tulikubaliana akae mbele, maelekezo aandikiwe, aongezewe muda, na kwa sasa asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake. Akiumwa kichwa, anapumzika ofisini. Michezo ya kugongana na kupanda miti ilisubiri daktari aseme, kwa sababu pigo jingine kabla ubongo haujapona ni hatari.

Kuna dalili ambazo si za kusubiri asubuhi: ulimi kuwa mzito ghafla, kuongea mambo yasiyoeleweka, kutapika tena na tena, kichwa kuzidi kuuma, degedege, mboni za macho kutolingana, upande mmoja kulegea, au kuamshwa kwa shida. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama jana uliambiwa yuko sawa. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kujieleza, angalia kama maneno aliyokwisha kuyajua yanapotea, au analia bila kubembelezeka.

Watoto wengi hurudi sawa ndani ya wiki nne hivi, wengine huchukua zaidi. Wangu alikuwa miongoni mwa hao wengine. Mwezi ukipita na bado anatafuta maneno, rudi kwa daktari na mifano uliyoiandika, tarehe kwa tarehe, kisha uombe rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya lugha na matamshi. Ni wachache, na wengi wako hospitali kubwa za mijini, kwa hiyo jiandae kwa nauli na foleni. Kabla ya hapo, omba apimwe masikio. Pigo la kichwa linaweza kuumiza usikivu pia, na mtoto asiyesikia vizuri hufanana sana na asiyeelewa.